Kanuni ya Kubadili Kanuni: Kutoka Mikutano ya Simiyu hadi Bunge Maalum la Katiba

Bunge Maalum la Katiba lilipokutana Dodoma tarehe 18 Februari 2014, Bariadi ilikuwa na wabunge wawili ukumbini, wa vyama viwili tofauti. Andrew Chenge wa Bariadi Magharibi, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, alitoka CCM. John Cheyo wa Bariadi Mashariki alikuwa mwenyekiti wa UDP. Mkoa wao wa Simiyu ulikuwa na miaka miwili tu tangu uanzishwe mwaka 2012, ukiwa na wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Miezi michache baadaye Chenge angeongoza Kamati ya Uandishi, kamati iliyoshika kalamu ya Katiba Inayopendekezwa.

Waliofuatilia kikao kile kwa redio walitegemea kusikia habari za Muungano, ardhi na madaraka ya Rais. Walichosikia kwa wiki tatu za mwanzo ni mabishano kuhusu kanuni. Kura iwe ya siri au ya wazi? Nani azungumze kwanza, Rais au Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoandaa rasimu? Mjumbe akitaka kurekebisha kifungu afuate njia gani? Wananchi wengi waliudhika, wakaona posho zinalika bila kazi. Lakini kazi yenyewe ilikuwa pale. Aliyeshinda mjadala wa kanuni alikuwa amekwishashinda sehemu kubwa ya mjadala wa Katiba.

Swali la uchambuzi huu ni hilo: nani ana haki ya kubadili kanuni za watu, kwa utaratibu upi, na kwa lugha ipi? Na utaratibu huo wenyewe ukitakiwa kubadilishwa, ubadilishwe na nani? Msimamo wangu ni kwamba kanuni nzito kuliko zote katika jamii ni ile inayoeleza namna kanuni zinavyobadilika. Hiyo lazima ikubaliwe na wote mapema, ilindwe kuliko nyingine, na iandikwe kwa maneno ambayo kila atakayebanwa nayo anaweza kuyashika na kuyabishia.

Mchezo uliobuniwa kwa ajili ya swali hili

Mwaka 1982 mwanafalsafa Peter Suber, mwalimu wa Chuo cha Earlham nchini Marekani, alibuni mchezo uitwao Nomic. Katika bao au drafti, kanuni ziko nje ya ubao. Mchezaji husogeza kete, hagusi kanuni. Katika Nomic, kubadili kanuni ndio mchezo wenyewe. Kila anayefikiwa na zamu hupendekeza kanuni mpya, au kufuta ya zamani, au kuirekebisha. Wenzake hujadili na kupiga kura, kisha yeye hurusha dadu na kuhesabiwa pointi.

Mchezo huanza na kanuni 29. Kati ya hizo 16 ni ngumu na 13 ni laini. Kanuni laini mwanzoni hubadilishwa kwa kura ya wote, na mizunguko miwili ikipita bila utaratibu huo kurekebishwa, wingi wa kawaida unatosha. Kanuni ngumu haiguswi mpaka kwanza wachezaji wote, bila kukosa hata mmoja, wakubali kuifanya laini. Pendekezo lolote sharti liandikwe kabla ya kupigiwa kura. Mabadiliko hayarudi nyuma: hayawezi kuhukumu kilichofanyika kabla ya kura. Na hata kanuni zinazoruhusu kubadili kanuni nazo zinaweza kubadilishwa.

Kuna sharti moja linalostahili kutazamwa kwa makini. Kanuni zikigongana hadi isiweze kuamuliwa kama hatua fulani ni halali au la, mchezaji wa kwanza atakayeshindwa kukamilisha zamu yake ndiye mshindi. Kwa hiyo mchezaji mwerevu anaweza kushinda kwa kuvuruga maandishi tu. Suber aliweka hapo ukweli ambao wanasiasa wanaujua vizuri kuliko wapiga kura: utata wa kanuni haumuumizi kila mtu, una mtu wake anayefaidika nao.

Nyuma ya mchezo kuna kitendawili cha kisheria kilichomsumbua Alf Ross, mwanasheria wa Denmark, katika makala yake ya mwaka 1969. Je, ibara inayoeleza namna ya kurekebisha katiba inaweza kutumika kujirekebisha yenyewe? Ikiwezekana, basi ulinzi wowote uliowekwa ndani yake unaweza kuondolewa kwa ufunguo uleule. Ikishindikana, kizazi kimoja kimewafunga wajukuu wake milele. Tanzania imekwisha kuishi ndani ya kitendawili hiki mara kadhaa, kijijini na bungeni.

Usukumani: kanuni zinazotungwa na wachezaji

Watu wa Simiyu, wengi wao Wasukuma, hawakuhitaji kufundishwa kwamba kanuni hutungwa na wanaozitumia. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, pande mbili zinazofuata nyayo za waasisi wake Ngika na Gumha, makundi hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake, na ushindi huenda kwa lililovuta watazamaji wengi zaidi. Hakuna orodha ya mitindo inayoruhusiwa. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, akibuni jambo jipya, umati ndio unaoamua: ukihamia kwake, jambo hilo limekubalika, na msimu unaofuata wapinzani wanaliiga au wanatafuta la kulizidi. Mwamuzi hapa ni watu wenyewe, na kura yao ni miguu yao.

Jambo zito zaidi lilikuwa dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma unaotunga na kurekebisha taratibu za jamii. Nguvu yake ilionekana wazi wakati wa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, enzi ambazo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado Shinyanga. Mradi ulifufua ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa msimu wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Kufunga malisho ni rahisi kutangaza na vigumu kusimamia, kwa sababu ng'ombe hasomi tangazo. Ngitili zilirudi kwa mamia ya maelfu ya hekta kwa kuwa waliozifunga ndio waliokuwa na ng'ombe, na waliokubaliana faini ndio ambao wangelipa. Mvua ikichelewa, walewale walikaa tena na kupanga upya siku ya kufungua.

Sungusungu nao walizaliwa kwa njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi, wanavijiji wa mpakani mwa Kahama na Nzega walijiundia ulinzi wao, nao ukaenea Usukumani kote. Walikuwa na ntemi wao, katibu na makamanda, na adhabu zao zilianzia faini hadi kumtenga mtu na jamii. Polisi na mahakama hawakuwapokea vizuri, lakini chama tawala na Mwalimu Nyerere waliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwapa nafasi kisheria. Wanakijiji walikuwa wamecheza nje ya kanuni za dola mpaka dola ikabadili kanuni zake ili iwafikie.

Ingekuwa kosa kuipamba hadithi hii. Kanuni inayotungwa na walio mkutanoni ina hatari kwa asiyekuwa na sauti mkutanoni. Katika eneo hilihili wanawake wazee wameuawa au kufukuzwa kwao kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi mtuhumiwa hakuwa na pa kukata rufaa. Uamuzi wa jamii ulikuwa mwanzo na mwisho. Hapo ndipo kanuni ngumu zinapopata maana. Yapo mambo ambayo hata umati mzima ukiyakubali haupaswi kuyaweza: kuchukua uhai wa mtu, kumhukumu bila kumsikiliza, kumwadhibu kwa kosa ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Mkutano ambao unaweza kubadili chochote kwa wingi wa siku moja ni hatari kama mtawala asiye na mpaka.

Sheria ndogo na safari yake

Leo kijiji cha Bariadi au Itilima kinatunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huandaa mapendekezo. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, hutoa maoni. Halmashauri ya wilaya huidhinisha.

Ngazi hizo tatu zina busara. Wilaya inaweza kuzuia kijiji kinachoonea wachache, na mkutano mkuu unaweza kuzuia halmashauri ya kijiji inayojitungia faini. Lakini kila ngazi ni pia mahali ambapo kanuni inaweza kukwama au kubadilika sura. Mkutano hujadili kwa Kisukuma, mtendaji huandika muhtasari kwa Kiswahili, na ofisi ya wilaya hupanga upya maneno yafuate mtindo wa kisheria. Kinachorudi kijijini kikiwa na muhuri si lazima kiwe kile kilichopigiwa makofi chini ya mti. Na ni wanakijiji wangapi wanaojua utaratibu wa kuirekebisha sheria hiyo ikiwa imewaumiza? Mikutano huitishwa kuwaambia watu kanuni. Ni mara chache huitishwa kuwaambia namna ya kuibadili.

Dodoma 2014: kanuni katikati ya mchezo

Sheria ya Mabadiliko ya Katiba iliweka kanuni ngumu moja: Katiba Inayopendekezwa ipite kwa theluthi mbili ya wajumbe wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Mengine yaliachwa kwa Bunge Maalum kujitungia. Pandu Ameir Kificho aliongoza kama mwenyekiti wa muda hadi tarehe 12 Machi, alipochaguliwa Samuel Sitta, naye Samia Suluhu Hassan akawa makamu wake.

Kura ya siri ilipiganiwa kwa sababu inamkinga mjumbe na chama chake. Kura ya wazi ilipiganiwa kwa sababu inamfanya awajibike kwa waliomtuma. Kila hoja ilikuwa na uzito, na kila upande ulijua pia hesabu ingemwendea nani. Mwishoni mwa Machi ukapatikana muafaka kwamba kila mjumbe achague mwenyewe, siri au wazi. Uamuzi huo ulizima moto, ila uliacha nguvu ya vyama palepale. Chama kikitaka watu wake wapige kura ya wazi, anayechagua ya siri amekwisha kujitaja.

Jaji Joseph Warioba aliwasilisha rasimu ya Tume yake tarehe 18 Machi, yenye muundo wa Muungano wa serikali tatu. Tarehe 21 Rais Jakaya Kikwete akalihutubia Bunge na kueleza mashaka yake juu ya muundo huo. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka bungeni. Tangu hapo mabishano yalihamia kwenye swali lililopaswa kumalizwa kabla ya kikao cha kwanza: Je, Bunge Maalum linaweza kuibadili rasimu ya Tume kiasi gani? Sheria ilisema kazi yake ni kujadili na kupitisha masharti ya Katiba. Wengine walisoma hapo ruhusa ya kuboresha maneno tu, wengine ruhusa ya kuandika upya muundo mzima wa Muungano. Mwanahabari Saed Kubenea alilipeleka jambo hilo Mahakama Kuu, na Septemba 2014 mahakama ikaona kwamba Bunge Maalum lina mamlaka ya kuirekebisha rasimu.

Mwezi huohuo Bunge likarekebisha kanuni zake ili wajumbe walioko nje ya nchi, wakiwamo waliokwenda Hija, waweze kupiga kura huko waliko. Kumpa mgonjwa au hujaji nafasi ya kupiga kura ni jambo jema. Lakini kanuni ya upigaji kura iliyorekebishwa siku chache kabla ya kura, wakati kila mtu anajua theluthi mbili ya Zanzibar inategemea kura chache, haiwezi kuaminiwa na aliyeshindwa, hata kama waliotunga walikuwa na nia safi. Tarehe 2 Oktoba maandishi ya kamati ya Chenge yalipita, yakiwa na serikali mbili. Tarehe 8 Oktoba yalikabidhiwa kwa Rais Kikwete na Rais Ali Mohamed Shein. Kura ya maoni iliyopangwa 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na haijafanyika mpaka leo.

Kwa maoni yangu, mchakato haukukwama kwa sababu ya serikali mbili au tatu. Watanzania wanaweza kukubaliana na matokeo wasiyoyapenda, wamefanya hivyo mara nyingi. Ulikwama kwa sababu wachezaji wengi hawakuamini tena kwamba kanuni za kubadili kanuni zilikuwa zao.

Mtikila na lango linalohamishwa

Miaka kama ishirini kabla ya hapo Mchungaji Christopher Mtikila aliishtaki Serikali akidai haki ya mgombea binafsi. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alimpa ushindi. Serikali ilikuwa tayari imepeleka bungeni muswada wa Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba, uliopitishwa mwaka huohuo, ukafunga mlango ambao mahakama ilikuwa imeufungua. Mtikila akarudi mahakamani na mwaka 2006 akashinda tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ikampa ushindi. Mtikila alifariki mwaka 2015, na mgombea binafsi hajapata kuruhusiwa.

Hapa kinaonekana kilicho kigumu zaidi katika mchezo wa kanuni zinazojibadili. Mchezaji mmoja ndiye pia mwenye uwezo wa kurekebisha kanuni, na anafanya hivyo wakati kesi yake mwenyewe iko mezani. Wahenga waliliona: kesi ya ngedere hakimu nyani. Kila hatua ya Bunge ilikuwa halali kwa karatasi. Raia hata hivyo alijifunza kwamba kushinda kwa kufuata kanuni hakumsaidii iwapo mshindwa anaweza kuandika kanuni nyingine.

Ufunguo ulioachwa mlangoni

Katiba ya mwaka 1977 inatoa mfano wa karibu kabisa wa kitendawili cha Ross. Ibara ya 98 inasema marekebisho ya kawaida ya Katiba yapite kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Mambo manane yaliyo katika orodha ya pili ya Nyongeza ya Pili, yakiwamo kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, mamlaka ya Serikali ya Zanzibar na orodha ya mambo ya Muungano, yanataka theluthi mbili za kila upande. Hizo ndizo kanuni ngumu za Muungano. Lakini Ibara ya 98 yenyewe haimo katika orodha hiyo. Kwa anayesoma maneno yalivyo, kufuli iko mahali pake na ufunguo wake unaweza kubadilishwa kwa kura nyepesi kuliko ile inayolindwa.

Kenya walipoandika Katiba ya mwaka 2010 waliliona pengo la namna hii. Ibara ya 255 inaorodhesha mambo yasiyoweza kubadilishwa bila kura ya maoni, na miongoni mwake imo sura yenyewe inayohusu kurekebisha Katiba. Mpango wa kurekebisha Katiba hiyo, uliojulikana kama BBI, ulipofika Mahakama ya Juu, uamuzi wa tarehe 31 Machi 2022 ulikataa nadharia kwamba Katiba ina msingi usioguswa kabisa, ila ukasema Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa kutumia njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi. Wakenya waligombana sana, lakini waligombana juu ya maandishi yaliyokuwapo kabla ya ugomvi, na walioshindwa walijua walishindwa kwa kifungu gani.

Lugha ya anayebanwa

Jambo moja Bunge Maalum lilifanya vizuri bila shaka: lilijadili na kuandika kwa Kiswahili. Mkulima wa pamba wa Dutwa, Bariadi, aliyepata nakala ya rasimu aliweza kuisoma bila mkalimani. Hali haikuwa hivyo kwa sheria nyingine za nchi. Kwa miongo mingi Bunge lilijadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza, mpaka marekebisho ya mwaka 2021 yalipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Hiyo ni hatua kubwa, ila haimalizi kazi. Kubishana juu ya kanuni kunataka mtu ajiamini katika lugha ya mabishano. Bibi wa Meatu anayezungumza Kisukuma fasaha mkutanoni ananyamaza anaposomewa kifungu kwa Kiswahili cha ofisi, na kimya chake huandikwa kuwa ni kukubali. Mkutano wa kijiji unaoruhusu hoja zitolewe kwa Kisukuma, kisha muhtasari ukasomwa tena kwa sauti na kusahihishwa kabla ya kusainiwa, hauvunji umoja wa taifa. Unahakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichokubaliwa.

La kufanya kabla ya mchezo unaofuata

Wito wa Katiba mpya haujafa, na utakaporudi mezani utakuta majeraha ya 2014 bado mabichi. Mambo matatu yatangulie mjadala wowote wa serikali ngapi au madaraka gani.

Kwanza, kanuni za mchakato zikubaliwe na vyama, asasi na wananchi kabla hajateuliwa mjumbe hata mmoja, wakati hakuna ajuaye kura zitaangukia wapi. Makubaliano ya wasiojua nani atashinda ndiyo yanayoheshimiwa na atakayeshindwa.

Pili, kanuni za upigaji kura zisibadilishwe wakati mjadala unaendelea ila kwa idadi ileile inayotakiwa kupitisha Katiba yenyewe, pande zote mbili za Muungano. Na ibara ya marekebisho katika Katiba yoyote ijayo ijilinde yenyewe kwa maneno ya wazi.

Tatu, mahali palipo wazi kwa tafsiri mbili pamalizwe mapema. Swali kwamba Bunge Maalum linaweza kubadili rasimu kiasi gani lilihitaji sentensi moja katika sheria. Kukosekana kwa sentensi hiyo kuligharimu miezi, fedha na imani.

Kijijini hakuna haja ya kusubiri Dodoma. Halmashauri ya kijiji inayopeleka sheria ndogo mkutanoni inaweza kuongeza kifungu cha mwisho kinachosema nani anaweza kupendekeza marekebisho, apeleke wapi, na ajibiwe ndani ya muda gani. Mfugaji ajuaye njia ya kubadili sheria ya ngitili ataiheshimu hata mwaka inapombana, kwa sababu anajua mwakani ana haki ya kusimama na kuipinga. Asiyeijua njia hiyo atabaki na machaguo mawili, kutii kwa uchungu au kuvunja usiku. Nchi ina raia wengi mno walioachiwa machaguo hayo mawili, na la tatu liko ndani ya uwezo wetu kuwapa.